Chapa, Nakala na Kivuli: Uhakiki wa Istilahi na Mbinu za Unakili katika Ununuzi wa Picha za Sanaa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kuuza na kununua picha za sanaa zilizopigwa chapa. Hoja kuu ni kwamba maneno chapa, nakala na toleo, kama yanavyotumika sokoni, yanafunika tofauti za msingi kati ya kazi iliyobuniwa na msanii ili izaliwe kwa njia ya uchapaji na picha iliyotolewa kwa mashine kutoka kazi nyingine. Kwa kufuatilia mfano wa chapa maarufu ya Hokusai, mabamba ya Goya, na ujio wa printa za kunyunyizia wino, makala yanaonesha kwamba namba na sahihi pambizoni mwa karatasi hazitoshi kumlinda mnunuzi wala fundi. Nadharia za Walter Benjamin na William Ivins zinapimwa kwa jicho la mnunuzi, na kila moja inaonekana kuwa na pengo. Mwishoni, makala yanapendekeza seti ndogo ya istilahi za Kiswahili na taarifa sita ambazo muuzaji angepaswa kuziandika katika stakabadhi.

Utangulizi

Anayeingia katika duka la picha jijini Kampala, Nairobi, Kigali au Dar es Salaam huweza kukutana na karatasi mbili zilizotundikwa ubavuni mwa ukuta mmoja. Zote mbili zina namba 12/75 upande wa kushoto chini, zote zina sahihi ya penseli upande wa kulia, na zote zimeandikwa kuwa ni toleo lenye ukomo. Ya kwanza imetoka katika ubao ambao msanii aliuchonga kwa majuma kadhaa, akaupaka wino na kuukandamiza juu ya karatasi mara sabini na tano. Ya pili imetoka katika printa ya kompyuta iliyopewa picha ya kamera ya mchoro wa rangi uliokwisha kuuzwa zamani. Mnunuzi akiuliza kama kazi hizo ni halisi, muuzaji hujibu kwamba ndiyo, na huenda hasemi uongo. Tatizo ni kwamba swali lenyewe halina makali ya kutenganisha vitu hivi viwili.

Madhara yake si ya mnunuzi peke yake. Pale ambapo lugha ya soko haiwezi kutofautisha kazi ya majuma na kazi ya dakika chache, bei ya zote mbili huvutwa kuelekea ile ya chini, na fundi wa kuchonga hukosa sababu ya kuendelea kuchonga. Afrika Mashariki ina mafundi wa aina hiyo. Fred Mutebi wa Uganda anajulikana kwa chapa za mbao zenye rangi nyingi, na Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam ililea wasanii waliofanya kazi za mabamba ya asidi, miongoni mwao George Lilanga na Robino Ntila. Kazi zao zikiitwa kwa jina lilelile linaloitiwa bango la ukutani, hasara huwapata wao kwanza. Kwa hiyo suala la istilahi hapa ni suala la riziki.

Maneno matatu na utata wake

Neno chapa limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, na limebeba mzigo mkubwa tangu lilipofika. Gazeti hupigwa chapa, kanga hupigwa chapa, ng'ombe hutiwa chapa, na bidhaa ya kiwandani hujulikana kwa chapa yake. Katika matumizi yote hayo kuna wazo moja la msingi: alama inayoachwa na kitu kilichokandamiza kitu kingine. Kwa maana hiyo ya asili, neno linafaa kabisa kwa kazi ya ubao au bamba. Linapungua nguvu linapotumiwa kwa picha ambayo haikukandamizwa na chochote, bali imenyunyiziwa matone ya wino na mashine.

Neno nakala, lenye asili ya Kiarabu, lina historia ya kuvutia zaidi. Katika ofisi za umma mwananchi huombwa alete nakala halisi ya cheti pamoja na nakala kivuli. Mtu wa lugha nyingine angeweza kushangaa jinsi nakala inavyoweza kuwa halisi. Mzungumzaji wa Kiswahili hashangai. Anafahamu kwamba kitabu chaweza kuwa na nakala elfu tatu na kila moja ikawa kitabu kamili, na kwamba kivuli cha cheti, hata kikiwa safi namna gani, hakichukui nafasi ya cheti chenye muhuri. Lugha ya makarani, kwa hiyo, imekwisha kutatua kwa maneno mawili fumbo ambalo soko la picha bado linahangaika nalo: kitu chaweza kuwa kimoja kati ya vingi na bado kikawa halisi, na kitu kingine chaweza kufanana nacho kwa kila hali na bado kikawa kivuli.

Neno la tatu, toleo, lina udhaifu wa kutosema nani anayetoa, lini, na kwa kibali cha nani. Toleo la kitabu hutolewa na mchapishaji anayejulikana, na tarehe yake huandikwa. Toleo la picha mara nyingi ni namba tu. Udhaifu huu unajadiliwa zaidi baada ya mbinu zenyewe kuelezwa.

Picha moja, vitu vinne

Mfano ulio wazi kuliko mingine ni ule wa wimbi kubwa la Katsushika Hokusai, chapa ya mbao iliyotolewa jijini Edo, Japani, yapata mwaka 1831, katika mfululizo wa picha za Mlima Fuji. Mchoro wa Hokusai ulibandikwa juu ya ubao wa mti wa mcheri, na mchongaji akachonga akipitia mistari yake, hata mchoro wenyewe ukaharibika. Mpigaji chapa akafuata, akitumia ubao mmoja kwa mistari na mbao nyingine kwa rangi. Hapakuwa na mchoro wa awali uliobaki nyuma ya chapa. Chapa ndiyo iliyokuwa kazi, nayo ilipigwa kwa maelfu na kuuzwa kwa bei iliyomudika kwa watu wa kawaida wa mjini.

Leo mtu anayesema ananunua wimbi la Hokusai anaweza kuwa anazungumzia kitu kimojawapo kati ya vinne. Cha kwanza ni mpigo wa mapema, uliotolewa wakati ubao ulikuwa bado mkali. Cha pili ni mpigo wa baadaye kutoka ubao uleule, baada ya mistari kuchakaa. Wataalamu hutambua tofauti hiyo kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, mistari ya kisanduku chenye jina la picha, ambayo ni mizima katika mipigo ya mapema na imekatika katika ile ya baadaye. Cha tatu ni chapa ya mbao zilizochongwa upya na mafundi wa Japani wa karne ya 20 na ya 21, kwa karatasi na ufundi wa jadi, lakini bila ubao wa zamani. Cha nne ni bango lililochapwa kwa ofseti au printa, kwa ukubwa wowote ule anaoutaka muuzaji. Chapa ya zamani ina upana usiofika sentimita 40. Wimbi lenye upana wa mita moja limejitambulisha lenyewe kuwa si la kundi la kwanza wala la pili, bila kuhitaji mtaalamu.

Mfano huu unaleta mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mgawanyo wa halisi na bandia ni mwembamba mno. Kitu cha tatu katika orodha si bandia, kwa kuwa kinauzwa kwa jina lake na kinadumisha ufundi. Lakini si kitu cha kwanza. La pili ni kwamba mkono wa msanii anayetajwa si kipimo cha pekee. Hokusai hakushika patasi wala hakupaka wino. Kinachoifanya chapa iwe yake ni kwamba picha ilibuniwa ili ifike duniani kwa njia hiyo, na kwamba kila hatua ilitimiza ubunifu huo.

Kusoma karatasi

Mbinu kuu za chapa halisi ni nne, na kila moja huacha ushahidi wake. Katika chapa ya mwinuko, yaani ya ubao au linoleamu, sehemu iliyobaki juu baada ya kuchonga ndiyo inayobeba wino. Mkandamizo huusukuma wino pembeni, kwa hiyo ukingo wa mstari huonekana mzito kuliko katikati, na mgongo wa karatasi mara nyingi huonesha alama ya kukandamizwa. Katika chapa ya kina, ambayo hutumia bamba la shaba au zinki lililochimbwa kwa chuma au kuliwa na asidi, wino hukaa ndani ya mifereji. Karatasi yenye unyevu hulazimishwa kwa shinikizo kubwa kuingia humo na kuuchota wino huo. Matokeo yake ni mstari unaoweza kuhisika umeinuka kidogo, na mpaka wa bamba uliodidimia kuizunguka picha.

Litografia, iliyogunduliwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18, haichongi wala haichimbi. Msanii huchora kwa kitu chenye mafuta juu ya jiwe, na uhasama wa mafuta na maji hufanya wino ushike pale tu palipochorwa. Alama yake ni chembechembe zisizo na mpangilio, kama za kalamu ya mafuta juu ya jiwe lenye mkwaruzo. Ya nne ni chapa ya skrini, ambamo wino hupitishwa katika kitambaa kilichozibwa sehemu. Huacha tabaka nene la rangi iliyosawazika, ambalo kwa kawaida huonekana likiwa limekaa juu ya karatasi badala ya kuzama ndani yake.

Dhidi ya hizo zote husimama mbinu za kivuli. Ofseti ya kawaida huigawa picha katika rangi nne, samawati, waridi, njano na nyeusi, na kila rangi huwa nukta zilizopangwa kwa safu. Chini ya lenzi ya kukuza mara kumi, nukta hizo huonekana zikifanya maua madogo ya duara. Printa ya wino haina safu hizo. Huonesha mnyunyizo wa matone madogo yaliyotawanyika hata mahali ambapo jicho tupu linaona rangi moja. Mstari wa patasi haujengwi kwa matone. Mnunuzi mwenye lenzi ya bei ndogo na subira ya dakika tano anaweza kwa kawaida kujua amesimama mbele ya kundi gani.

Kipimo hiki kina mipaka. Inawezekana kuchapa kwa ofseti kisha kukandamiza karatasi ili ipate mpaka wa bamba wa uongo. Inawezekana kuchapa mchoro juu ya kitambaa cha turubai kwa printa, kisha kupaka jeli yenye alama za brashi ili mkono uhisi kile ambacho jicho linataka kuamini. Picha za mtindo wa Tingatinga, zilizozoeleka kwa rangi za mafuta za kung'aa na kwa kurudiwarudiwa kwa mkono na wachoraji wengi, ziko katika hatari ya pekee hapa. Mtalii aliyeambiwa kwamba wachoraji hao hurudia mada zao haoni ajabu kukuta picha tatu zinazofanana. Lakini michoro mitatu ya mkono haiwezi kulingana kwa kila tone la rangi, na zinapolingana kwa kila tone, kilicho mbele yake ni vivuli vitatu.

Namba, sahihi na ahadi

Desturi ya kutia sahihi ya penseli chini ya chapa ilienea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, na desturi ya namba ikazoeleka katika karne ya 20. Kabla ya hapo thamani ya chapa ilipimwa kwa ubora wa mpigo. Kinachopaswa kuhakikiwa ni jinsi desturi hizi mbili zilivyogeuka kutoka ushahidi na kuwa pambo.

Katika chapa ya ubao au bamba, ukomo una msingi wa kimaada. Bamba huchakaa. Katika mbinu ya kupunguza ubao, ambayo Mutebi ameifanya kuwa sauti yake, ubao uleule huchongwa zaidi baada ya kila rangi kupigwa. Rangi ya mwisho inapowekwa, sehemu kubwa ya ubao imekwisha kutoweka. Hata msanii mwenyewe akitaka kuongeza nakala moja hawezi. Namba iliyoandikwa pambizoni mwa kazi kama hiyo inaripoti jambo lililokwisha kutokea. Faili la kompyuta, kwa upande mwingine, halichakai. Namba 12/75 chini ya picha ya printa hairipoti tukio lolote bali inatoa ahadi kwamba ya sabini na sita haitatolewa, na ahadi ina thamani sawa na uaminifu wa aliyeitoa. Muuzaji anaweza kutoa toleo jingine kwa ukubwa tofauti, au kwenye turubai badala ya karatasi, na kudai hajavunja neno. Zaidi ya hayo, nje ya hesabu ya 75 huweza kuwapo nakala za msanii na nakala za majaribio ambazo sehemu hiyo ya namba haizitaji.

Hata bamba la chuma lina hila zake. Francisco Goya alichonga mabamba ya maafa ya vita kati ya takriban mwaka 1810 na 1820, lakini hakuyatoa hadharani. Alifariki mwaka 1828, na toleo la kwanza, lenye picha 80, lilitolewa na Chuo cha Kifalme cha San Fernando mwaka 1863. Kwa hiyo toleo la kwanza la kazi hiyo ni la miaka 35 baada ya mauti ya mwenyewe, na matoleo mengine yalifuata kutoka mabamba yaleyale. Je, mipigo hiyo ni halisi? Jibu la haki ni kwamba bamba ni la Goya na mpigo si wake. Muuzaji anayesema mambo hayo mawili kwa pamoja amesema kweli; anayesema la kwanza tu amepotosha.

Sahihi nayo ilipoteza heshima yake kwa mfano wa Salvador Dalí. Katika miaka yake ya baadaye Dalí alitia sahihi maelfu ya karatasi tupu, na mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walizuia gari lililokuwa na karatasi 40,000 za aina hiyo. Sahihi ilikuwa ya kweli. Karatasi ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni picha, ambayo yeyote angeweza kuijaza baadaye. Baada ya kisa hicho, hoja kwamba sahihi pekee inathibitisha kazi haina mguu wa kusimamia.

Benjamin, Ivins na pengo la mnunuzi

Mjadala wa kinadharia juu ya unakili umetawaliwa na insha ya Walter Benjamin ya mwaka 1935 na 1936. Kwa ufupi, Benjamin aliona kwamba unakili wa kimashine unaiondolea kazi ya sanaa haiba yake ya kuwapo mahali pamoja na wakati mmoja, na kwamba kupotea huko kungeweza kuikomboa sanaa kutoka ibada na kuipeleka katika siasa. Aliitambua chapa ya mbao na litografia kama hatua za safari hiyo. Hata hivyo, kwa kuzifanya hatua tu, alizipita haraka. Chapa ya Hokusai haikuwahi kuwa na haiba ya kuwapo mahali pamoja. Ilizaliwa ikiwa nyingi. Isitoshe, soko limefanya kinyume cha utabiri wake. Limechukua nakala ya mashine na kuirudishia haiba kwa penseli, namba, na hati iliyopigwa muhuri. Haiba haikufa, imegeuzwa kuwa huduma ya ziada inayolipiwa.

William Ivins, aliyekuwa msimamizi wa chapa katika jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York, aliandika mwaka 1953 kwa mtazamo tofauti. Kwake umuhimu wa chapa ulikuwa katika kuwezesha taarifa ya picha kurudiwa bila kubadilika, jambo lililokuza sayansi na ufundi. Aliona kwamba mchongaji huingiza sarufi yake ya mistari kati ya kitu na mtazamaji, na kwamba kamera ilimwondoa msuluhishi huyo. Hoja hiyo ni nzito kwa anayetaka kujua umbo la mmea au mtambo. Kwa mnunuzi wa sanaa inapinduka. Sarufi ambayo Ivins aliihesabu kuwa kelele ndiyo hasa anayoilipia: namna patasi ilivyogeuka, mahali ubao ulipokataa, kiasi cha wino ambacho fundi aliufuta kwa kiganja. Picha ya printa inaweza kueleza vizuri zaidi mchoro ulivyo. Haiwezi kuwa na tabia ya kwake yenyewe.

Nadharia zote mbili, basi, zinazungumza na mtazamaji na kumwacha mnunuzi. Mnunuzi ana maswali matatu ambayo hayakujibiwa: uamuzi wa msanii uliishia hatua ipi, ni nini kinachoweka ukomo wa idadi, na kitu hiki kitadumu kwa muda gani.

Swali la udumu

Swali la mwisho huonekana la kiufundi tu hadi rangi inapoanza kupotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wasanii na wapiga picha wa California walianza kutumia printa za Iris, zilizotengenezwa kwa ajili ya majaribio ya uchapaji wa kibiashara, kutoa picha za sanaa. Mwaka 1991 mpigaji chapa Jack Duganne alitafuta jina lisilo na harufu ya kompyuta, akalichota kutoka kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kutoa maji kwa nguvu kama bomba, na jiklee ikazaliwa. Neno hilo ni mfano bora wa istilahi inayoficha huku ikionekana kufafanua: linaeleza hasa kwamba wino ulirushwa, lakini kwa masikio ya asiyejua linasikika kama jina la ufundi wa kale.

Wino wa printa za mwanzo ulikuwa wa rangi za maji zilizopauka upesi mwangani. Baadaye printa za wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi ziliboresha hali hiyo kwa kiasi kikubwa, na leo kazi iliyochapwa kwa uangalifu inaweza kudumu kuliko litografia iliyopigwa kwenye karatasi mbovu. Hapa uhakiki lazima uwe wa haki: mbinu ya kivuli si lazima iwe mbinu duni. Lakini jina jiklee halimwambii mnunuzi kama wino ni wa pigmenti au la, wala kama karatasi ni ya pamba au ya massa ya mbao yanayogeuka manjano. Kwa mnunuzi wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako unyevu huleta kuvu na jua hupenya madirisha mwaka mzima, taarifa hizo mbili zina uzito kuliko namba pambizoni.

Sheria na lugha ya stakabadhi

Uhusiano wa chapa na sheria ni wa zamani. Giorgio Vasari anasimulia jinsi Albrecht Dürer alivyolalamika Venice juu ya Marcantonio Raimondi kunakili chapa zake pamoja na alama ya jina lake. Nchini Uingereza, William Hogarth alichelewesha kutoa mfululizo wake mpya wa chapa hadi sheria ya kulinda wachongaji ilipoanza kufanya kazi mwaka 1735. Sheria hizo zilimlinda mbunifu dhidi ya mnakili. Sheria za hakimiliki za ukanda huu, ya Tanzania ya mwaka 1999, ya Kenya ya mwaka 2001 na ya Uganda ya mwaka 2006, zimo katika ukoo huohuo. Zinajibu swali la nani ana haki ya kunakili. Swali la mnunuzi, yaani kitu hiki kimetengenezwaje, ni la aina nyingine.

Jimbo la California lilitambua tofauti hiyo mapema miaka ya 1970 kwa sheria inayomtaka mfanyabiashara wa chapa, kwa kazi inayozidi bei fulani, kueleza kwa maandishi mbinu iliyotumika, ukubwa wa toleo, chanzo cha sahihi na hatima ya bamba. Jimbo la New York lilikuja na masharti ya aina hiyo baadaye. Mfano huo haufai kuhamishwa mzimamzima. Soko la picha la Afrika Mashariki ni dogo, wauzaji wengi ni wasanii wenyewe, na sharti lenye adhabu nzito lingeweza kumwumiza kwanza yule linayekusudia kumlinda. Kinachofaa kuigwa ni wazo kwamba ukweli wa mbinu uandikwe, na uandikwe kwa lugha ambayo mnunuzi na fundi wote wanaielewa.

Hapa Kiswahili kina nafasi, na vyombo kama Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar vina kazi ya kufanya. Istilahi tano zingetosha kuanzia. Chapa halisi iwe kazi iliyobuniwa kwa ajili ya ubao, bamba, jiwe au skrini, na kupigwa wakati wa uhai wa msanii kwa kibali chake. Chapa ya baadaye iwe mpigo kutoka bamba la msanii baada ya kifo chake. Chapa ya kuchongwa upya iwe kazi ya fundi mwingine aliyerudia ubao wa zamani. Chapa kivuli iwe picha yoyote iliyotolewa kwa kamera, ofseti au printa kutoka kazi nyingine. Mpigo, neno lililokwishamo ndani ya kupiga chapa, liwe jina la kila karatasi moja katika toleo.

Ugumu mmoja unabaki. Kuna wasanii wanaobuni moja kwa moja kwenye kompyuta, na kwao printa ndiyo njia ya kazi kuzaliwa. Kuiita kazi hiyo kivuli kungekuwa dhuluma, maana haina kitu kingine cha kukifuata. Kwa kigezo kilekile kilichotumika kwa Hokusai, hiyo ni kazi halisi iliyotolewa kwa wino wa printa, na inapaswa kuitwa hivyo bila aibu na bila jina la kupamba.

Stakabadhi yenyewe ingebeba taarifa sita: jina la msanii, mbinu, mwaka wa bamba na mwaka wa mpigo, idadi yote ya mipigo ikiwa ni pamoja na ile ya nje ya namba, aina ya karatasi na wino, na hali ya bamba au faili baada ya toleo kukamilika. Fundi mchongaji anaweza kuzijaza kwa dakika tatu. Anayeuza kivuli kwa jina la chapa atakuta ni vigumu kuzijaza, na ugumu huo ndio kinga.

Hitimisho

Uhakiki huu haukukusudia kudharau kivuli. Mwalimu anayetundika darasani picha ya ofseti ya wimbi la Hokusai amefanya jambo jema, na msanii anayeuza vivuli vya mchoro wake kwa bei nafuu amewafikia watu ambao mchoro mmoja usingewafikia. Hakuna karani anayekibeza kivuli cha cheti. Anachokataa ni kukipokea mahali pa nakala halisi. Kanuni hiyo, ambayo kila mwananchi aliyewahi kupanga foleni ofisini anaijua, inatosha kuwa msingi wa sera. Ikiingizwa katika stakabadhi za maduka, katika mitaala ya vyuo vya sanaa na katika miongozo ya ununuzi wa picha za majengo ya umma, mnunuzi atajua alicholipia. Naye aliyekaa majuma matatu na patasi atapata neno la kuitenga kazi yake na ile iliyotoka katika printa ya jirani.